Kishawishi, Wazo na Dhambi: Kumsoma Rosa Mistika Darasani

Yapo majibu ambayo kila msahihishaji wa fasihi ameyazoea hata anaweza kuyakamilisha kabla ya kufungua ukurasa. Mtahiniwa ameulizwa aeleze ni kwa nini mhusika fulani aliangukia ulevi, hongo au uasherati. Naye anaandika kwamba mhusika huyo alikuwa na mawazo mabaya, hakumwomba Mungu ayaondoe, na kwa hiyo shetani akamshinda. Jibu halina tukio, halina mbinu, halina hata jina la mhusika wa pili. Ni mahubiri yaliyovaa sare ya shule. Mwalimu hupiga mstari mwekundu, akatoa sufuri na kwenda kwa karatasi inayofuata.

Nadhani tunakwenda upesi mno. Mtahiniwa huyo hakuandika hivyo kwa uvivu. Hapa Kanyakine, kama katika Imenti Kusini yote, wanafunzi wetu wengi wamelelewa kanisani: Wakatoliki, Wamethodisti, Wapresbiteri, Wapentekoste. Kwao suala la mawazo yanayoshawishi si maudhui ya kukaririwa tu. Ni jambo wanalolala nalo bwenini taa zikishazimwa. Na wengi wanaamini kwamba wazo likishapita kichwani, dhambi imekwisha kutendeka. Imani hiyo ndiyo inayoharibu jibu la fasihi, na mara nyingine huharibu zaidi ya jibu. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba mafundisho ya Kikristo yenyewe hayasemi hivyo, na kwamba msomaji anayeyafahamu sawasawa atasoma riwaya ya Rosa Mistika kwa jicho jingine kabisa.

Riwaya hiyo ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka wa 1971. Haimo katika orodha ya vitabu teule vya KCSE kwa sasa, lakini haifai kukosekana katika maktaba ya shule, na mwalimu wa Kidato cha Tatu anaweza kuitumia kwa manufaa kumfunza mwanafunzi kutofautisha kuhukumu na kuhakiki. Iliwahi kupigwa marufuku shuleni nchini Tanzania kabla ya kuruhusiwa tena. Walioipiga marufuku waliiona kama kishawishi kwa vijana. Mwandishi wake hakuwa mgeni kwa mambo ya kanisa: alizaliwa Namagondo, kisiwani Ukerewe, mwaka wa 1944, akasoma katika seminari ya Nyegezi karibu na Mwanza kabla ya kwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alifariki mwezi wa Januari mwaka wa 2020. Anayemsoma kama mtu aliyelitupia kanisa mawe kutoka nje hajamwelewa. Kezilahabi anapima jamii yake kwa kipimo alichokikuta ndani ya kanisa lenyewe.

Tuanze na msamiati, kwa sababu hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko tunavyodhani. Katika Sala ya Bwana, Waprotestanti hutumia neno majaribu mahali ambapo Wakatoliki hutumia neno kishawishi. Wanafunzi huketi dawati moja wakiomba sala moja kwa maneno mawili, wala hakuna anayewauliza tofauti yake. Kujaribu ni kupima. Kinachojaribiwa hakijulikani bado kama kitasimama au kitaanguka. Kushawishi ni kuvuta. Anayeshawishi anajua anakotaka kukupeleka. Tukio moja linaweza kuwa yote mawili, kama ilivyokuwa kwa Yesu jangwani katika Mathayo sura ya 4, lakini maneno hayo hayalingani. Kuna na neno la tatu, wasiwasi, ambalo sisi huku bara hulitumia kwa maana ya hofu au shaka tu. Asili yake ni Kiarabu, nalo lina maana ya mnong'ono, hasa ule unaonong'onezwa moyoni na shetani. Basi lugha yenyewe inakiri kwamba wazo linaloshawishi huja kama sauti. Jambo hilo tutalirudia.

Sasa tuje kwenye mafundisho. Wanafunzi wanaosema wazo ni dhambi hutegemea Mathayo 5, pale Yesu anapomtaja mtu anayemtazama mwanamke kwa kumtamani kuwa amekwisha kuzini naye moyoni. Augustino, askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, aliyefariki mwaka wa 430, aliifafanua aya hiyo hiyo kwa kutaja hatua tatu. Ya kwanza ni kudokezwa: jambo linapita mbele ya macho au kumbukumbu. Ya pili ni kupendezwa. Ya tatu ni kuridhia, yaani mtu kukubali moyoni kwamba akipata nafasi atalitenda. Dhambi kamili, kwa maelezo yake, iko katika kuridhia. Waraka kwa Waebrania, sura ya 4, nao unasema wazi kwamba Kristo alijaribiwa katika mambo yote bila kutenda dhambi, na mtu hawezi kuisoma aya hiyo kisha aseme kujaribiwa tu ni kosa. Yakobo katika sura yake ya kwanza anatumia taswira ya mimba: tamaa huchukua mimba, ikazaa dhambi, nayo dhambi ikikomaa huzaa mauti. Mimba ina miezi yake. Hakuna mtoto anayezaliwa siku ile ile.

Mwalimu asiogope kuwapa wanafunzi maneno hayo matatu, kudokezwa, kupendezwa na kuridhia. Ni vifaa vya uhakiki kama vilivyo vifaa vingine. Mtahiniwa akivishika, ataacha kuandika kwamba mhusika "alikuwa na mawazo mabaya" na ataanza kuuliza: ni katika hatua ipi? Ni nani aliyeleta dokezo? Je, mhusika aliridhia, au aliamuliwa?

Tuvijaribu basi kwa Rosa. Msichana huyu ni kifungua mimba wa Zakaria na Regina. Zakaria aliwahi kuwa mwalimu, pombe ikamtoa kazini. Regina ni mama mvumilivu ambaye naye anaishi chini ya mkono ule ule wa mumewe. Kijana Charles anamwandikia Rosa barua. Barua hiyo ni dokezo. Zakaria anaigundua, anampiga bintiye vibaya na kumkataza habari za wavulana. Jamii ya kijijini inaweza kuona hapa baba anayelinda heshima ya nyumba yake, na wanafunzi wetu wavulana hasa humtetea hivyo. Lakini tazama alichofanya: ameadhibu hatua ya kwanza kana kwamba ni ya tatu. Rosa hajaridhia chochote, maana kupokea barua si kuzini. Kwa fimbo ile anafunzwa jambo moja tu, kwamba hakuna tofauti kati ya kuandikiwa na kutenda.

Hapo, kwa maoni yangu, ndipo ulipo mzizi wa riwaya nzima. Aliyefunzwa kwamba dokezo na tendo ni kitu kimoja ana njia mbili mbele yake. Ama ataogopa kila dokezo, au siku atakayoacha kuogopa hatakuwa na mahali pa kusimama katikati. Rosa anapita njia zote mbili, moja baada ya nyingine. Anapokwenda katika shule ya wasichana ya Rosari, mwanzoni anawaogopa wanaume kiasi cha kuchekwa na wenzake. Wapo wanaoiita hali hiyo usafi wa moyo. Mimi naiita woga. Usafi wa moyo unajua kitu unachokikataa, ilhali woga unakimbia kivuli. Ndiyo maana mabadiliko yake yanapokuja yanaonekana ya ghafla, hata wahakiki wengine wakamlaumu mwandishi kwa kuyaharakisha. Sidhani kwamba ni udhaifu wa kisanaa. Ukuta wa woga haubomoki tofali kwa tofali.

Majina nayo yanafanya kazi. Rosa Mistika ni mojawapo ya sifa anazoitwa Bikira Maria katika Litania ya Loreto. Regina ni malkia, sifa nyingine ya Maria. Deogratias, kwa Kilatini, ni shukrani kwa Mungu, na Deogratias wa riwaya hii ni ofisa, Bwana Maendeleo, mtu mzima anayemlewesha Rosa na kumharibu. Mtahiniwa atapata hoja ya kinaya bila jasho. Lakini ningependa tukae kidogo hapa, kwa kuwa makosa makubwa zaidi hufanywa katika kulisoma tukio hili. Wanafunzi huandika kwamba Rosa alishindwa na kishawishi cha Deogratias. Tukitumia hatua zetu, kuridhia kwa Rosa kuko wapi? Aliyeleweshwa hawezi kuridhia. Tendo hilo ni la Deogratias. Msichana anayeketi darasani mwetu akisikia mwalimu akiliita tukio hilo "anguko la Rosa", anafunzwa somo ambalo halimo kitabuni na halimo katika Biblia. Wala lisipite kama jambo dogo la istilahi. Katika darasa la wasichana arobaini, mwalimu hajui ni nani anayemsikiliza kwa sababu zake mwenyewe.

Kwa upande mwingine, wapo walimu, hasa waliohitimu juzijuzi, wanaomfanya Rosa kuwa mwathiriwa tangu jalada hadi jalada. Riwaya haikubali hilo pia. Akiwa katika chuo cha ualimu Morogoro, Rosa anachagua. Anajua anachokifanya, anapendezwa na anaridhia, na mwandishi hamfichi. Hapo lawama ni yake kwa sehemu kubwa, ingawa walimu wanaume waliopaswa kumwongoza wanastahili fungu lao. Uhakiki mzuri utakubali kwamba mhusika mmoja anaweza kudhulumiwa katika sura moja na kukosea katika nyingine. Huo ndio ukuaji wa mhusika, na ndio unaomtofautisha na wahusika bapa wa hadithi za maadili tulizolelewa nazo shule ya msingi.

Msomaji atauliza: Mkristo hufanya nini basi na wazo linapokuja, ikiwa hapaswi kuliogopa tu? Jibu la kale sana lilitoka katika ardhi ya Afrika. Katika majangwa ya Misri, Evagrius Ponticus, aliyefariki mwaka wa 399, aliyaorodhesha mawazo manane yanayowasumbua watawa: ulafi, uzinzi, kupenda fedha, huzuni, hasira, uchovu wa roho, majisifu na kiburi. Orodha hiyo ndiyo iliyokuja kugeuzwa kuwa dhambi kuu saba katika kanisa la Magharibi. Jambo linalotuhusu ni kwamba hakuiacha orodha hivyo. Aliandika kitabu kizima cha majibu, akachukua kila aina ya wazo na kulitafutia maneno ya Maandiko ya kulijibu. Alimwiga Yesu jangwani, ambaye kila mara ibilisi aliposema, alimjibu kwa maneno ya Kumbukumbu la Torati. Mara tatu sauti inasema, na mara tatu inajibiwa.

Kwa mwalimu wa fasihi hapa kuna hazina. Nidhamu ya Kikristo ya mawazo ina umbo la mazungumzo. Wazo ni sauti, kama lilivyotuambia neno wasiwasi, nayo sauti hujibiwa kwa sauti. Zaburi ya 42 ina mtu anayeiuliza nafsi yake kwa nini imeinama. Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma na Mkatoliki, aliona zaburi zinafaa katika bahari ya utenzi, na Utenzi wa Zaburi wake ni matunda ya kazi hiyo. Pwani nako, katika Uislamu, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir katika Al-Inkishafi anauhutubia moyo wake mwenyewe huku akiyatazama magofu ya Pate. Tunayoifunza kama mbinu ya uzungumzinafsi ilikuwa ibada kabla ya kuwa mbinu.

Rosa ana maneno gani ya kujibu? Hana. Baba alimpa kiboko, mama akampa machozi, shule ikampa kanuni. Imani imemzunguka pande zote, kuanzia jina lake hadi jina la shule yake, lakini hakuna aliyeketi naye akamwambia: wazo hili likija, useme hivi; na ukishindwa, njoo uniambie. Zakaria wa Injili ya Luka alifungwa ulimi kwa kutoamini. Zakaria wa Kezilahabi ana ulimi mrefu, na bubu katika nyumba yake ni bintiye.

Kusema ndiko ambako makanisa ya Afrika Mashariki yamekutilia mkazo, kila moja kwa njia yake. Mkatoliki ana kitubio, ambapo wazo hutamkwa mbele ya padre na kubaki pale. Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia Gahini nchini Rwanda miaka ya 1930 na kufika Kenya mwaka wa 1937, ulikuja na njia ya pili: wandugu hukutana na kuyasema majaribu yao waziwazi mbele ya wenzao. Wao wakaita kutembea nuruni. Mtu anaweza kuwa na shaka na njia zote mbili. Kitubio kinaweza kuwa mazoea tu, na ushuhuda wa hadharani unaweza kugeuka umbea au majivuno. Sote tumemwona shuleni mwanafunzi anayetubu kila wikendi chalenji kwa fahari zaidi ya mara iliyopita. Hata hivyo zote mbili zinakubaliana kwamba wazo lililofungiwa ndani hunenepa. Ni jambo lile lile ambalo Rosa Mistika inalionyesha kwa kinyume chake.

Tukija kwenye vitabu teule vya sasa, mtahiniwa atamkumbuka Yona katika Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, tamthilia inayotahiniwa tangu mwaka wa 2023. Yeye pia alikuwa mwalimu, naye pombe ikamgharimu kazi. Kufanana kwake na Zakaria kunastahili swali zima. Tofauti ni kwamba kwa Yona sauti inayoshawishi haitoki kizani. Inatoka katika vinywa vya jamii inayomsimanga kwa kukosa mtoto wa kiume. Dokezo limeletwa na watu, glasi akaishika mwenyewe. Mtahiniwa akiandika sentensi mbili hizo na kuzitolea matukio, amejibu vizuri kuliko aliyejaza ukurasa kwa shetani. Aidha, tamthilia haina msimulizi wa kutuambia kilichomo kichwani mwa mtu, kwa hiyo majuto ya Yona lazima yatamkwe ili tuyajue, na akishayatamka kuna mtu wa kuyasikia.

Kichwamaji, riwaya ya Kezilahabi ya mwaka wa 1974, inafaa kutajwa kwa mwanafunzi mwenye bidii. Kazimoto anasimulia mwenyewe, anawaza kisasi dhidi ya Manase kupitia kwa dada yake, anawaza kuhusu Mungu na kuhusu maisha. Mawazo yake tunayasikia yote. Hayana wa kuyajibu, na yeye mwenyewe anaishia kujiua.

Mwisho wa Rosa ni kifo cha aina hiyo hiyo, na mwalimu aufunze kwa uangalifu. Kabla yake kuna jambo ambalo majibu mengi huliruka. Rosa ameanza kugeuka. Ni mwalimu sasa, na Charles yule wa barua amerudi maishani mwake wakitarajia kuoana. Charles anapojua kwamba Rosa si bikira, anamwacha. Hapa kosa la Zakaria linarudiwa na mtu mwingine kwa mavazi mapya: baba aliadhibu dokezo kana kwamba ni dhambi, mchumba naye anaadhibu dhambi iliyokwisha kuachwa kana kwamba inatendeka leo. Toba haina nafasi katika hesabu ya wote wawili. Imani inayojua kukataza bila kujua kusamehe ni nusu ya imani, na nusu hiyo ndiyo iliyomfikia Rosa. Wanafunzi wakiuliza kama Rosa alikuwa na lawama katika kifo chake, mwalimu asikimbilie hukumu. Aseme kwamba kitabu kinamwonyesha mtu aliyefika mahali pa kukata tamaa bila mtu wa kumwambia, na aongeze, kwa sauti ya kawaida, kwamba katika shule yao yupo mwalimu mshauri na mlango wake u wazi.

Kisha mwandishi anafanya jambo la ajabu. Haishii kaburini. Anampeleka Rosa mbele ya Mungu, naye babake yupo, na suala la nani wa kulaumiwa linaletwa pale. Wengine wameiona sehemu hii kuwa kiambatisho kisichohitajika. Mimi naona ilihitajika kwa sababu ya kila nilichokieleza hapo juu: huko ndiko Rosa na Zakaria wanakabiliana hatimaye. Mazungumzo yaliyopaswa kufanyika Namagondo, usiku ule wa barua, yamecheleweshwa hadi mbinguni.

Zoezi ninalowapa Kidato cha Tatu ni hili. Waandike uzungumzinafsi wa Rosa usiku ule baada ya kipigo, usiozidi ukurasa mmoja, kwa sharti kwamba wazo liseme na lijibiwe. Wasilete malaika, wasilete mhubiri. Watumie yaliyomo kitabuni tu: barua, mkono wa baba, mama aliye chumba cha pili. Wengi hupata shida na mistari ya majibu. Wazo hupewa maneno matamu, na Rosa huishia kusema "la" peke yake, mstari baada ya mstari. Hapo ndipo nafuta ubao na kuuliza darasa ni nani katika nyumba ile angeweza kumfunza maneno mengine. Mara nyingi humtaja Regina, kisha hubishana kama Regina mwenyewe alikuwa nayo.